Kuku Wasiochechemea wa Kata ya Mlimatatu

Nchi yetu inaitwa Jamhuri ya Utulivu, na mgeni huelewa jina hilo mapema, kwa sababu pale mpakani hupigwa kofi moja la kumkaribisha kisha huulizwa kama ametulia. Wengi hujibu kwamba wametulia. Mimi ni Mtendaji wa Kata ya Mlimatatu, kata ya mwisho kabla ramani haijaisha, na naandika haya kwa nia njema kabisa. Nimesikia ziko nchi ambazo bado zinahangaika na chaguzi: zinachapisha makaratasi, zinasafirisha masanduku, na watu wanakaa roho juu wasijue nani ameshinda mpaka kura zihesabiwe. Nawaonea huruma.

Sisi tulishatoka huko zamani. Uchaguzi wa diwani kwetu una swali moja. Wakazi wote waliosajiliwa hukusanywa kwenye uwanja wa ofisi ya kata, mimi hupanda juu ya meza, na kuuliza mara tatu kama yupo anayempinga Mheshimiwa. Anayepinga anyooshe mkono wa kulia juu ya kichwa. Usipoonekana mkono, Mheshimiwa amepita bila kupingwa, tunaimba wimbo wa taifa, tunakula pilau. Mheshimiwa Songoyo, diwani wetu, alikuwa amepita namna hiyo mara tano mfululizo bila kuonekana hata kidole.

Wenye chuki watauliza imewezekanaje. Wasome Kanuni ya Tisa, inayohusu maandalizi ya mpiga kura. Inasema kwamba wiki moja kabla ya uchaguzi, mkazi anayeshukiwa kuwa na dalili za kunyoosha mkono atasaidiwa asishawishike. Msaada hutolewa na Walinzi wa Utulivu kwa rungu la mninga lililopimwa kwa rula, kati ya bega na kiwiko, mkono wa kulia, mara moja tu. Mkono wa kushoto hauguswi, maana sisi si washenzi. Baadaye mkazi hutia dole gumba la kushoto kwenye Fomu Namba Tisa kuthibitisha kwamba amehudumiwa vizuri.

*

Mikono hiyo ilikuwa ikiungwa na Bi Sikitu. Tunayo zahanati, nisieleweke vibaya. Ina bati jekundu na mlango wa chuma, imejaa bandeji, plasta na dawa tangu siku ilipokamilika, na imefungwa miaka kumi na mmoja ikimsubiri mgeni rasmi wa kuizindua. Kila mwaka Mheshimiwa Songoyo alikuwa akienda kwenye Baraza na kunyoosha mkono kukubali uzinduzi usogezwe mbele. Ufunguo ulikuwa kwenye droo yangu, ndani ya bahasha yenye mihuri miwili.

Kwa hiyo watu walikwenda kwa Bi Sikitu, mwanamke wa miaka sitini na kitu, mfupi, asiyependa maneno. Alikuwa akishika mkono uliovunjika, anafumba macho, vidole vyake vya mkono wa kulia vinatambaa juu ya ngozi mpaka vipate pale mfupa ulipoachana, halafu anavuta. Ukisikia mlio, kazi imekwisha. Kisha anafunga gango, yaani vipande vya mianzi pande zote nne, na kamba ya katani. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilianguka na baiskeli nikavunjika mtulinga, na vidole hivyo vilinipitia begani. Sijapata kushikwa vizuri hivyo na mtu yeyote, hata mama yangu mzazi.

Tiba yake ilikuwa na sharti moja, nalo alilirithi kwa bibi yake. Kila anayefungwa gango huja na kuku wake. Kuku naye huvunjwa mguu, hufungwa vijiti, na kuachiwa uani. Siku kuku anapotembea bila kuchechemea, gango la mtu linafunguliwa. Ndiyo maana baada ya kila uchaguzi kata yetu ilikuwa imejaa kuku wanaochechemea, na ukiwaona ulijua Mheshimiwa amepita.

Mumewe, marehemu Likunja, alisaidiwa katika uchaguzi uliotangulia. Mfupa ulitoka nje ya ngozi. Bi Sikitu aliurudisha na kuufunga, lakini jeraha liliingia uchafu, na dawa ya jeraha ilikuwa nyuma ya mlango wa chuma. Alikuja ofisini kwangu mara mbili kuuliza habari za ufunguo. Mara zote mbili nilimwandikia barua nzuri ya kumjulisha kwamba suala lake linafanyiwa kazi. Likunja alikufa siku ya tisa, na kuku wake alikuwa ameshapona.

*

Mwaka huu Bi Sikitu alikuja tena ofisini, akaketi bila kukaribishwa, akaniambia kwamba siku ya swali atanyoosha mkono.

Nilimsihi kama mtu ninayemheshimu. Nilimkumbusha kwamba mkono wake si mkono wa kawaida, kwamba ukivunjwa ule wa kulia hakuna mwingine katika kata nzima anayejua kuunga, na kwamba yeye mwenyewe hawezi kujifunga kwa mkono mmoja. Atabaki na tawi bovu. Na watakaovunjika baada yake watakwenda wapi?

"Wataingia mlango ule uliofungwa," alisema. "Ndiyo ninachokitaka. Sina kingine."

Nilitimiza wajibu wangu nikaandika jina lake kwenye orodha ya wenye dalili. Nililiandika kwa mwandiko mzuri.

*

Walinzi wa Utulivu walikuja vikosi viwili, maana uchaguzi huu ulikuwa na nishani kwa kikosi kitakachotangulia kumaliza. Kikosi cha Kwanza kiliingia kutoka mashariki chini ya Kamanda Lubisi, jitu lenye mabega mapana na sauti ya upole. Kikosi cha Pili kiliingia kutoka magharibi. Hawakusalimiana.

Lakini kila nyumba waliyoingia walimkuta mtu ameshafungwa gango. Mkono wa kulia, mianzi minne, kamba ya katani, uso umekunjwa kwa maumivu. Kikosi cha Kwanza kikadhani cha Pili kimewahi, cha Pili kikadhani cha Kwanza kimewahi, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuonekana mzembe, kila kikosi kilijaza Fomu Namba Tisa kwamba kazi ni yake. Watu walitia dole gumba la kushoto mara mbili bila kulalamika. Nilipowaona nilisikitika sana, kisha nikafurahi, kwa sababu walikuwa wote. Wakazi mia mbili na kumi na wanne, hata shemeji zake Mheshimiwa, hata Bi Zawena, mke wake mdogo, ambaye alijifunga gango kwa kuogopa kwamba wageni hawatamtambua. Bi Sikitu naye alikuwa na la kwake.

Vikosi viliniletea jumla ya mikono mia nne na ishirini na minane. Nami, kwa kuwa nilisoma hesabu, nikagawa kwa mbili, nikaandika kwamba Mlimatatu imefikia asilimia mia moja ya maandalizi. Haijawahi kutokea nchini. Taarifa ilifika makao makuu asubuhi, na mchana redio ya taifa ikaisoma, ikifuatiwa na muziki.

*

Baada ya siku mbili alikuja Mkaguzi Mkuu, Bwana Chiponda, na kombe la shaba la kutukabidhi. Alitoa hotuba juu ya kata ndogo zenye mioyo mikubwa. Mheshimiwa Songoyo alikuwa amevaa suti ya kaki, amejifuta jasho mpaka leso imelowa. Wakazi walikaa chini, magango yao mapajani.

Katikati ya hotuba jogoo alikatiza uwanja akimfukuza tetea. Tetea akaruka meza, jogoo akaruka meza, wakateremka upande wa pili wakapotea nyuma ya choo cha ofisi, miguu yao inakwenda mbio kama ya askari wa gwaride. Bwana Chiponda akawafuata kwa macho. Kumbe naye amezaliwa vijiji vya huku huku, na utotoni aliwahi kuvunjika goti.

"Bwana Mtendaji," aliniuliza kwa utaratibu, "kata ina watu mia mbili na kumi na wanne wamevunjika. Kuku wanaochechemea wako wapi?"

Nilitazama uwanja. Walikuwapo kuku wengi, na wote walikuwa wazima. Wakazi walikuwa wamekumbuka mianzi, wamekumbuka katani, wamekumbuka hata kukunja uso, lakini kuvunja kuku bure hakuna aliyekuwa na moyo huo. Bi Sikitu aliinamisha kichwa. Bwana Chiponda akashuka, akafungua gango la kwanza lililokuwa karibu, akaukunja mkono kwenye kiwiko, ukakunjika bila taabu. Akafungua la pili.

Mheshimiwa Songoyo alitaka taarifa ifutwe. Mkaguzi alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyetukana msikitini. Akaeleza kwamba redio imekwisha kutangaza, na redio ya taifa haijawahi kusema uongo tangu ianzishwe. Taarifa yenye muhuri haibadilishwi. Kinachobadilishwa ni mikono.

*

Kazi ilianza saa tatu asubuhi. Mimi nilikaa mezani na orodha, naita jina, mtu anaitika "nipo," anasogea mbele, anaweka mkono juu ya gogo.

Kabla sijaanza, Bi Sikitu aliomba awekwe wa mwisho, ili awaunge wenzake kadiri wanavyovunjwa. Bwana Chiponda alikubali mara moja, akasema serikali si katili. Alikubali pia kila mmoja aje na kuku wake, ili safari hii hesabu isilete maswali. Kuku walivunjwa na Walinzi wenyewe kwa moyo wa kujitolea.

Naomba niseme jinsi ilivyokuwa, kwa sababu nimejaribu kuiandika kwa lugha ya ofisi na imenishinda. Rungu likishuka mlio wake ni mkavu, na mtu hapigi kelele palepale. Hunyamaza kidogo kwanza, anashangaa. Kelele huja baadaye, wakati mimi nimeshaita jina lingine, kwa hiyo kila niliyemwita alisogea mbele ndani ya kelele za mwenzake. Mzee mmoja wa miaka themanini alikunja mkono wa shati lake polepole mpaka begani, akamweleza Kamanda Lubisi kwamba shati ni la kuazima, lisichanike. Lubisi akasubiri amalize kukunja. Jina la Bi Zawena lilipofika, Mheshimiwa Songoyo alikuja mezani akaninong'oneza niliruke. Nilimwonyesha orodha. Orodha ni orodha. Alitoka nje ya uzio ili asisikie, lakini uzio wetu ni wa matete.

Kufikia saa sita marungu mawili yalikuwa yamepasuka, Walinzi wakapumzika wakanywa chai. Mikono yao ilikuwa na malengelenge. Gogo lilikuwa limelowa, na nzi walikuja.

Bi Sikitu hakupumzika. Aliketi kwenye mkeka, anamshika mtu, anafumba macho, vidole vinatafuta, anavuta. Lakini safari hii hakufunga mkono kifuani kama kawaida. Aliunyoosha kwenda juu kabisa, akapitisha mwanzi mrefu kutoka kiunoni, ubavuni, kwapani, mpaka kwenye kiganja, akaukaza kwa katani. Bwana Chiponda alimuuliza sababu. Alijibu kwamba damu ikishuka uvimbe unapungua. Mkaguzi akaandika kwenye kitabu chake, akasema wataalamu wa jadi wasidharauliwe.

Jua lilikuwa limeanza kuelemea magharibi nilipofika jina la mia mbili na kumi na nne. Aliitika, akaja mwenyewe. Aliutazama mkono wake wa kulia, akafungua na kufunga vidole mara moja, kama mtu anayejaribu kama bomba bado linatoa maji. Akauweka juu ya gogo.

Lubisi alikuwa amechoka, kwa hiyo hakupiga vizuri. Ilibidi apige mara ya pili. Kanuni inasema mara moja, na nakiri kwamba sikuandika.

Bi Sikitu alikaa chini kwa muda. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Kisha akaniita kwa sauti ndogo.

"Bwana Mtendaji. Mwanangu. Mikono yako mizima. Nitakuelekeza. Shika hapa, na hapa, uvute taratibu mpaka usikie. Halafu ufunge."

Mianzi ilikuwa imebaki minne pale kwenye mkeka. Alikuwa ameiacha kwa makusudi. Nilifungua kitabu cha kanuni, nikakipekua chote huku akisubiri. Hakuna kifungu kinachomruhusu mtumishi wa serikali. Nilimwambia hivyo, na nikamwambia kwamba mikono yangu ni mali ya umma. Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeuliza bei tu. Akaondoka, mkono ukining'inia.

*

Siku ya uchaguzi ilikuwa siku ya nne baadaye. Mheshimiwa Songoyo aliingia na ngoma, akakaa kwenye kiti chenye kitambaa cha maua. Pilau lilikuwa jikoni. Nilipanda juu ya meza, nikasafisha koo, nikauliza kama yupo anayempinga Mheshimiwa, anyooshe mkono wa kulia juu ya kichwa.

Nilipoinua macho kutoka kwenye karatasi niliona mikono. Mia mbili na kumi na mitatu, imesimama wima, mianzi kila mmoja, viganja vimefunguka na kuvimba. Nilidhani labda hawakunisikia, nikauliza mara ya pili. Nikauliza mara ya tatu, kama sheria inavyotaka, na mikono ilikuwa pale pale. Kuku walikuwa wanachechemea katikati yao.

Mheshimiwa Songoyo aliamuru mikono ishushwe. Walinzi waliingia uwanjani, wakaning'inia kwenye mikono ya watu kwa uzito wao wote. Watu walilia kwa sauti ambayo sijaisikia hata siku ya gogo, wengine wakazimia, na waliozimia walianguka chini mikono ikiwa imenyooka vile vile. Mianzi ya Bi Sikitu haikuachia. Mheshimiwa akapokonya rungu akaomba mikono ivunjwe upya. Bwana Chiponda akamsomea kanuni: mkono mmoja, mara moja kwa uchaguzi. Fomu ina mstari mmoja.

Basi akaenda mbele ya Bi Zawena, jasho linamtiririka, akamwomba ashushe wake angalau.

"Bwana, ningeushusha," mkewe alimjibu, "lakini mmeuvunja."

Kanuni ya Kumi ni fupi. Diwani aliyepingwa anakuwa mkazi wa kawaida dakika hiyo hiyo. Na kwa kuwa mkazi wa kawaida aliyepoteza kiti anashukiwa kuwa na dalili za kumpinga atakayefuata, Kamanda Lubisi alimchukua Songoyo kwa upole, akamlaza kwenye gogo, akamsaidia. Songoyo naye alinyamaza kidogo kwanza, akashangaa. Mkono wake tuliuingiza kwenye hesabu za uchaguzi ujao.

Kanuni hiyo hiyo inasema kiti kitapewa mkazi ambaye hakupinga. Bwana Chiponda alitembea kati ya safu akitafuta, akapita mikono yote, mpaka kwa mwanamke mfupi aliyesimama nyuma kabisa. Mkono wake ulikuwa umening'inia ubavuni, umekuwa mweusi mpaka kwenye kucha. Katika kata nzima ya Mlimatatu, mtu pekee ambaye hakumpinga Mheshimiwa Songoyo alikuwa Bi Sikitu. Mkaguzi alimpongeza kwa uzalendo.

*

Kiapo cha diwani kina kurasa nne, na anayeapa lazima anyooshe mkono wa kulia. Bi Sikitu alijaribu. Bega lilipanda, mkono haukupanda.

"Niinulie," aliniambia.

Safari hii kifungu kilikuwepo: Mtendaji atamsaidia mwapaji kwa namna yoyote. Niliushika mkono wake kwa mikono yangu miwili, nikauinua. Ulikuwa wa moto. Chini ya ngozi, pale vidole vyangu viliposhika, nilisikia ncha mbili za mfupa zikisagana, na kila neno la kiapo alilolitamka zilisagana tena. Yeye alisoma kurasa zote nne bila kukosea. Mimi ndiye niliyelia. Nililia mbele ya Mkaguzi Mkuu, na makamasi yalinitoka, na sikuweza kujifuta kwa sababu mikono yangu ilikuwa na kazi.

Alipomaliza alinyoosha mkono wa kushoto, kiganja juu. Sikuuliza anataka nini. Nilikwenda kwenye droo, nikachana bahasha yenye mihuri miwili. Alifungua mlango wa chuma mwenyewe, bila hotuba, bila utepe, na watu mia mbili na kumi na watatu wakaingia wakiinama, kwa sababu mlango ulikuwa mfupi kwa mikono yao. Mganga kijana aliletwa wiki ya pili. Aliutazama mkono wa Bi Sikitu akasema ungewahiwa siku ya kwanza ungepona. Bi Sikitu hataunga mtu tena.

Nimeandika taarifa. Kwenye sehemu ya waliohudumiwa nimejaza mia mbili na kumi na wanne, kama redio ilivyosema, na makao makuu wamefurahi kwamba tarakimu zimelingana. Kombe la shaba liko juu ya kabati langu.

Juzi nilikwenda zahanati kwa sababu mikono yangu imeanza kutetemeka, siwezi kugonga muhuri ukakaa katikati. Bi Sikitu alikuwa amekaa kwenye benchi la mlangoni. Aliushika mmoja kwa mkono wake wa kushoto, akafumba macho kama zamani, vidole vikatambaa polepole kutoka kiwiko mpaka kwenye kifundo, vikatafuta sana.

"Mfupa mzima," alisema, akaniachia. "Hii siijui."